Maua ya Altare: Kuyachagua, Kuyakata na Kuyatunza

Hotuba ya mama mwangalizi wa kikundi cha wapambaji wa kanisa, mbele ya wajumbe wa mashirika yote, katika siku za matayarisho ya Jubile. Imechapwa hapa kama ilivyosemwa.



Kamati ya Jubile imeniomba niseme mbele yenu juu ya maua. Najua kwamba wengine kati yenu walicheka kidogo waliposikia tangazo hilo siku ya Mungu iliyopita, nami siwalaumu. Katika matayarisho haya kuna mambo ya mabati, kuna chakula cha wageni, kuna michango ambayo haijatimia; nani basi atakaa na kusikiliza habari za maua? Lakini swali nililopewa na Kamati halikuwa swali la uzuri. Lilikuwa swali la feza. Waliniuliza: Mama, je, tununue maua ya plastiki sokoni, ambayo yataweza kutumika tena miaka kumi, ao tuagize roza kwa wauza maua? Na kila njia kati ya hizo mbili ilikuwa imekwisha kuandikiwa bei yake.

Nilijibu kwamba tusinunue lolote kabla hatujatazama nyua zetu wenyewe. Leo nataka kueleza sababu za jibu hilo, na kuonyesha namna ya kulifanya, maana jibu bila kazi ni maneno matupu.

Nianze na plastiki, ili tulimalize jambo hilo. Mimi mwenyewe nimeosha maua ya plastiki katika kanisa hili miaka mingi. Yanapokea vumbi kuliko nguo. Jua la dirishani linayafanya kuwa na rangi ya majivu. Buibui anafanya nyumba yake humo. Anayesema kwamba hayadai kazi hajawahi kuyaosha. Tena kuna jambo lingine. Juu ya altare mshumaa unawaka na kuisha, mkate unaliwa, divai inanywewa, ubani unageuka moshi. Vitu vyote tunavyovipeleka huko vinatoka mikononi mwetu wala havirudi. Sioni kwa nini ua peke yake litolewe kwa Mungu siku ya posho na kurudishwa kabatini siku ya kwanza. Sisemi kwamba ni zambi. Nasema kwamba sitaki kuvifanya hivyo siku ya Jubile yetu.

Sasa juu ya agizo la Kanisa, maana tusije tukafanya kadiri ya mapenzi yetu tu. Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1963, ulipotoa mafundisho juu ya Liturujia Takatifu, uliomba katika mambo ya sanaa ya kanisa uzuri wenye heshima kuliko wingi wa mapambo. Maelekezo Makuu ya Misale ya Roma, katika toleo la mwaka 2002, fungu la 305, yanasema kwa wazi zaidi. Maua yawekwe kwa kiasi, tena yawekwe kuzunguka altare kuliko kuwekwa juu ya meza yake. Katika majira ya Adventi yawe machache, ili furaha ya Noeli isitangulizwe. Katika Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa siku ya Mungu ya ine ya Kwaresima, na katika sherehe na sikukuu zinazoangukia humo, kama vile sherehe ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi na ya Kupashwa Habari kwa Bikira Maria tarehe 25 Machi.

Nataka kutulia kidogo hapa, maana ndipo tunapokosa mara nyingi. Wamama wengi wanazani kwamba kuacha altare bila maua muda wa Kwaresima ni uvivu wa wapambaji. Nimekuta mara mbili jagi la maua likiwa limewekwa altareni na mkono nisioujua, kwa nia njema. Ndugu, mapambo ya Kwaresima ni kule kukosa maua. Macho nayo yafunge. Ndiyo sababu usiku wa Pasaka, tunapoyaingiza maua meupe, hata watoto wadogo wanafahamu kwamba kuna jambo limetokea.

Na kwetu Kongo kuna sababu nyingine ya kutosongamanisha vyombo. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inaweka ngoma na mwendo wa kucheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu. Padri pamoja na watumishi wanazunguka, na moshi wa ubani unazunguka pamoja nao. Mpambaji aliyejaza vyombo vya maua pande zote ine amewafungia njia. Nimeona kwa macho yangu kanzu ya shemasi ikishikwa na waya uliotoka katika chombo cha maua. Chombo kikaanguka, maji yakamwagika mpaka chini ya kiti cha Askofu, na wacheza wakaendelea kucheza wakiinua nguo zao. Watu walicheka, mimi nililia. Tangu siku ile, kabla ya kuweka hata jani moja, naomba wacheza wafanye mzunguko wao mara moja, nami naweka alama sakafuni kwa chaki. Mahali miguu inapopita, maua hayakai.

Basi tuje kwenye maua yenyewe.

Mungu ametupa milima hii ya Kivu, ambako baridi ya usiku na mvua ya miezi mingi vinakuza maua ambayo ndugu zetu wa Kindu na Kasongo hawawezi kuyapata bila taabu. Wao nao wana yao, nitayataja. Lakini sherti tufahamu kwamba ua linalopendeza likiwa shambani si lazima liwe ua la kukata. Hilo ni fundisho la kwanza, nami nililijua kwa kukosa. Kana, kwa mfano, imejaa penye nyua zetu, nyekundu na ya manjano, inang’aa toka mbali; ukiikata asubuhi, jioni imekuwa kama kitambaa chenye maji. Ua la hibisko linafunguka kwa siku moja tu, kisha linajifunga. Bugenvile inamwaga maua yake njiani kabla hujafika kanisani. Ukiipenda sana, ikate dakika za mwisho, uizamishe yote katika maji muda mfupi, na usiitegemee kupita Misa moja.

Kwa altare, mimi natanguliza arumu nyeupe. Inaota yenyewe kando ya mifereji na mahali penye maji, wala hatulipi kitu. Lichague ua lililokwisha kufunguka lakini ambalo kidole chake cha manjano hakijaanza kutoa unga. Usilikate kwa kisu: shika shina chini kabisa, uvute polepole huku ukizungusha, nalo litatoka zima. Katika chombo weka maji machache tu, urefu wa vidole vine, maana shina lake ni laini na linaoza upesi likizama sana. Likitunzwa hivyo, linapita siku ya Mungu moja bila kuinama, na pengine linaifikia ya pili.

Glayeli ni ua la sherehe, kwa sababu linasimama. Likate wakati maua mawili ao matatu ya chini yameanza kuonyesha rangi, na ya juu yakiwa bado yamefungwa. Yatafunguka kwa zamu kutoka chini kwenda juu. Ukingoja yafunguke yote shambani, umepokea mzee. Lakini angalisho moja: usilisafirishe likiwa limelala. Ncha yake inatafuta juu, na kwa saa chache inajipinda kama ndoana, wala hutaweza kuinyosha tena. Libebe likiwa limesimama katika ndoo, hata kama mwenye pikipiki atalalamika.

Dalia ni kinyume chake. Kitumba cha dalia kilichokatwa hakifunguki tena. Kwa hiyo likate ua lililofunguka lote, na geuza uangalie nyuma yake. Majani ya rangi ya nyuma yakiwa makavu ao yenye madoa ya kahawia, liache. Dalia haidumu sana, siku tatu ao ine, lakini kwa wingi wake inasamehewa.

Roza inatazamwa kwa vidole. Ibonyeze kidogo, chini ya ua, mahali linapoungana na shina. Ikiwa ngumu kama jiwe, ilikatwa mapema mno, haitafunguka, kichwa chake kitalegea na kuinama. Ikiwa laini kama kitambaa, imezeeka. Tunaitaka ile inayokubali kidogo, na majani yake ya nje yameanza kuachana. Jambo hilo ni la lazima zaidi kwa anayenunua. Roza za kuuzwa zinaweza kuwa zimesafiri siku nyingi. Naivasha, kule Kenya, zinalimwa kwa ajili ya Ulaya, zinakatwa na kuwekwa katika baridi kali, na baridi hiyo isipokatizwa zinafika salama. Lakini roza iliyopita katika jua la mpaka, ndani ya boksi, bila maji, imekwisha kupata umri ambao macho hayaoni. Muuzaji anang’oa majani ya nje yaliyokauka na kuinyunyizia maji, nayo inaonekana kuwa ya leo. Usitazame ua peke yake: tazama mwisho wa shina, kama ni mweusi na wenye utelezi, na nusa maji ya ndoo yake.

Lisi nyeupe, ile inayofanana na tarumbeta, ichukuliwe wakati kitumba cha kwanza kimeanza kugeuka rangi. Likifunguka, ondoa mara moja vijiti vidogo vyenye unga wa rangi ya machungwa, kabla havijakauka. Unga ule ukigusa kitambaa cha altare ao alba ya padri, haiutoki. Ukishagusa, usisugue, usitie maji: upanguse kwa burushi kavu, ao ubandike utepe wenye gundi na kuunyanyua. Masista wanaofua nguo za altare watanishukuru kwa maneno haya.

Oritansia ni ya buluu kwetu, maana ua hilo linafuata udongo, na penye udongo wenye asidi linakuwa la buluu. Ni zuri, lakini linakunywa sana, na kwa saa moja tu linaweza kulegea. Likilegea usilitupe, lizamishe lote, kichwa na shina, ndani ya maji muda wa saa moja ao mbili, mara nyingi litafufuka. Lakini nawaambia jambo moja ambalo nililijua kwa kukaa kwenye benchi la mwisho wakati wa Misa ya jioni: buluu na zambarau hazionekani. Katika kanisa lenye madirisha madogo rangi hizo zinamezwa na giza, na Wakristu wa nyuma wanaona shimo tu. Agapante vilevile. Nyeupe na manjano zinafika mpaka mlangoni. Kwa hiyo kabla hujamaliza kazi, nenda mpaka benchi la mwisho, keti, tazama. Tunapamba kwa ajili ya yule aliyechelewa pia.

Juu ya nyekundu: tunaitunza kwa ajili ya Pentekoste na ya mashahidi. Wapadri wageni wanajua kwamba tarehe 1 Desemba tunamkumbuka Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa Mwenye heri Kinshasa mwaka 1985. Tarehe hiyo mara nyingi inaangukia katika Adventi, wakati wa maua machache. Sisi tunaweka shina moja la maua mekundu, moja tu, mbele ya sanamu yake. Mtu aliniuliza kama huo si ubahili. Aje aone mwenyewe namna shina moja linavyosema mahali penye utulivu.

Ndugu zetu wa nchi ya joto, Kindu, Kasongo na hata Uvira chini kule, msijaribu kushindana na glayeli zetu. Ninyi mna helikonia, mna ua la tangawizi lenye umbo la mwenge, mna anturiumu. Hayo yana mwili mgumu, yanadumu kuliko yetu. Helikonia haifunguki zaidi baada ya kukatwa. Ichukueni kama mnavyoitaka iwe. Tena msiitie katika frigo: baridi inaifanya kuwa nyeusi.

Saa ya kukata ni asubuhi, umande ukiwa bado, ao jioni jua likiisha kushuka. Saa sita mchana ua limekwisha kutoa maji yake kwa jua, na ukilikata wakati huo unalikata likiwa na kiu. Nenda shambani na ndoo yenye maji. Usiende na kikapu. Katika shina kuna mifereji myembamba kuliko nywele, ambamo maji yanapanda. Likikaa nje ya maji, hewa inaingia na kufunga njia, na hata ukilitia baadaye katika maji mengi, halinywi. Ndiyo sababu, mkifika nyumbani, mnakata tena vidole viwili vya shina, mkasi ukiwa ndani ya maji, na mnakata kwa mshazari ili shina lisikae bapa penye sakafu ya chombo na kujiziba. Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinaponda mifereji. Kisha maua yakae usiku mzima penye giza na baridi, maji yakifika nusu ya shina, kabla ya kupangwa. Mpambaji anayekata saa mbili na kupanga saa tatu anapamba kwa maua ambayo hayajanywa.

Ondoeni majani yote yatakayozama. Hayo yanaoza, yanazaa vijidudu, na vijidudu ndivyo vinavyoziba shina. Harufu mbaya ya sakristia inatoka huko, wala haitoki katika maua. Chombo kioshwe kwa sabuni kama sahani ya kulia. Katika litre moja ya maji mnaweza kutia kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya javeli. Sukari inalisha ua, javeli inazuia uozo. Lakini sukari peke yake inalisha vijidudu kuliko ua, basi msitie moja bila nyingine. Wala msichanganye javeli na siki ao ndimu, maana unatoka moshi wa sumu. Maji yabadilishwe kila siku mbili.

Sasa nasema jambo ambalo litawashangaza. Siku ya Jubile tutaleta matoleo: ndizi, maparachichi, mananasi, na kama desturi yetu vitarundikwa sakristia tangu siku ya posho jioni. Na mahali pale pale tumezoea kuweka maua ili yapumzike. Tunda linaloiva linatoa hewa isiyoonekana, ambayo wenye elimu wanaiita etileni, nayo inafanya maua kuzeeka kabla ya saa yake. Ndizi mbivu ni mwalimu wa kuzeesha. Kila mama anajua kwamba ndizi moja mbivu inaivisha mkungu mzima. Mwaka mmoja makarafuu yetu ya maua, yale wanayoyaita eye kwa Kifaransa, yalijifunga yote usiku mmoja kama macho ya mtu anayelala, na tulimlaumu sana mama aliyeyakata. Yeye hakukosa lolote. Nyuma ya mlango kulikuwa na mikungu saba ya ndizi. Nasema hapa mbele ya wote kwamba tulimkosea. Matoleo ya matunda mwaka huu yatakaa katika chumba cha katekisimu, na maua katika sakristia.

Juu ya majani nitasema kwa ufupi, isipokuwa jani moja. Mpambaji anayeanza anatafuta maua mengi. Yule aliyezoea anatafuta majani mazuri kwanza, maana ndiyo yanayofanya umbo. Feni ikatwe iliyokomaa, ya kijani cha kukolea. Changa inanyauka mbele ya Injili. Sipresi inadumu majuma mawili. Kalitusi ina harufu nzuri, lakini kidogo inatosha, isije ikashinda ubani. Drasena ni imara. Mafunjo ya kinamasi yanasimama kwa heshima nyuma ya altare, ila yaliyozeeka yanamwaga vipande vyake. Angalieni miti yenye maziwa, kama yule wa nyota nyekundu ya Noeli na ule wa franjipani: maziwa yake yanaunguza macho. Mkikata, pitisheni mwisho wa shina katika ndimi ya moto kidogo, maziwa yatakoma, kisha oseni mikono. Na lorie-roza, ijapokuwa ni nzuri, isiingie kanisani hata kidogo. Ni sumu toka jani mpaka mzizi, na watoto wa watumishi wa altare wanaweka kila kitu mdomoni. Vilevile maua makubwa ya datura yanayoning’inia.

Jani moja lililobaki ni la mgomba. Desturi yetu, Askofu akija, ni kupanda migomba iliyokatwa kando ya njia, kuanzia barabara kubwa mpaka mlango wa kanisa. Ni desturi nzuri. Lakini ndugu, tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ugonjwa wa kunyauka kwa migomba umeharibu mashamba mengi ya Kivu, na ninyi mnaonisikia mmeona jamaa zilizobaki bila ndizi za kula wala za kuuza. Ugonjwa ule unasafiri kwa panga. Kijana anakata mgomba mmoja wenye ugonjwa katika shamba hili, anakwenda na panga lile lile kukata katika shamba la jirani, na kabla ya miezi mingi jirani naye analia. Tena shina lenyewe lililobebwa likamwagika maji yake njiani linaweza kuacha ugonjwa pale.

Siwezi kukubali kwamba njia ya kumpokea Askofu iwe njia ya kuingiza njaa katika nyumba za Wakristu. Kwa hiyo nimeomba Kamati, nayo imekubali, kwamba migomba ya Jubile ikatwe katika mashamba yanayojulikana kuwa mazima tu, na mwenye shamba mwenyewe ndiye akate, kwa panga lake mwenyewe. Mkiona majani yanageuka manjano na kunyauka bila sababu, ao ndizi zinaiva mapema kwa namna isiyo sawa, ao shina likikatwa linatoa usaha wa manjano, msiguse. Panga likipita toka shamba moja kwenda lingine lipitishwe katika moto mpaka chuma kiwe moto sana lisishikike, ao lioshwe kwa maji yenye javeli. Na baada ya sherehe, mashina yasitupwe ovyo katika mashamba ya watu wala mtoni. Mahali ambapo migomba haitoshi tutasimamisha mianzi na matawi ya mitende. Askofu hatauliza.

Nimebaki na neno moja juu ya maua ya njiani, nalo linaniuma.

Kuna ua la manjano linalofanana na alizeti, linaota kila mahali kando ya barabara na penye mipaka ya mashamba. Wakulima wanalikata kuwa mbolea. Wenye elimu wanaliita titonia, nalo lilitoka mbali, Meksiko na nchi za jirani. Siku moja ya posho, miaka imekwisha kupita, mama mzee mmoja, mjane, alifika sakristia na fungu kubwa la maua hayo, amelifunga kwa kamba ya mgomba. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na glayeli zilizonunuliwa, nyeupe tupu, zenye kipimo kimoja. Nilimwambia: “Mama, hayo ni majani ya njiani, hayadumu.” Aliniangalia. Akajibu: “Ndiyo niliyo nayo, mwanangu.” Kisha akayaweka chini, nyuma ya mlango, akaenda.

Ndugu, nilisema kweli. Titonia haidumu: shina lake lina uwazi ndani, linalegea upesi. Kwa ufundi wa maua sikukosa. Lakini mama yule hakurudi sakristia tena, na alikaa katika mabenchi ya nyuma mpaka siku tulipomzika. Siku ya maziko nilikwenda mimi mwenyewe kando ya barabara, jua halijachomoza, na ndoo. Nilikata titonia, nikaunguza mwisho wa kila shina kwa moto wa mshumaa, nikaziacha katika maji mengi mpaka saa ya Misa. Zilisimama muda wote wa Misa na mpaka makaburini. Kumbe ilitosha kuziunguza shina. Nilikuwa na mshumaa siku ile ya kwanza pia.

Kwa hiyo utaratibu wa Jubile ni huu. Roza hatununui. Kila shirika litaleta kile kinachoota kwake, na hakuna kitakachorudishwa mlangoni. Kisichofaa altare kitawekwa penye mlango mkubwa, penye sanamu ya Bikira Maria, penye makaburi ya mapadri wetu na ya makatekista, ambako tangu zamani tumekuwa wagumu wa kupeleka maua. Shirika lenye bonde la maji lilete arumu. Mashirika ya juu, yenye bustani, yalete glayeli na dalia, vitumba kama nilivyoeleza. Majani ni kazi ya vijana, ila wamwombe mwenye ua kwanza. Mwaka uliopita walipora sipresi ya mtu, na ua uliotolewa bila ruhusa ya mwenyewe haupiti mlango wa kanisa hata ungekuwa mzuri namna gani. Watoto wasitumwe kuchuma makaburini kwa watu. Hilo nalo limekwisha kutokea.

Wapambaji watangoja siku ya posho tangu mapambazuko nyuma ya sakristia, penye kivuli. Ndoo kumi na mbili zimepatikana. Tunahitaji nyingine nane, zenye kuoshwa vizuri, na kila mmoja aandike jina la shirika lake chini ya ndoo, kusudi irudi kwake. Mwenye mkasi mkali alete mkasi. Wacheza waje saa kumi ya jioni kufanya mzunguko wao, kabla hatujaweka lolote chini. Chaki ninayo.